Mimi Nitaangalia

Barua ya uhamisho, ambayo nilikuwa nimeiomba mara tatu na kunyimwa mara mbili, ilinikuta sina sauti. Tangu asubuhi nilikuwa nikishindana na kelele za watoto wangu wa darasa la awali, na mwalimu mkuu aliponikabidhi bahasha ilibidi nimshukuru kwa kutikisa kichwa. Alicheka. Alisema walimu wengi wa bara huondoka Mafia wakiwa wamepoteza hamu ya samaki, mimi ndiye wa kwanza kuondoka nimepoteza koo.

Darasa langu ndilo lenye kelele kuliko yote pale shuleni. Najua. Mwalimu wa darasa la pili, ambaye tunachangia ukuta mmoja, alikuwa ameacha kunisalimia kwa sababu hiyo, na simlaumu. Lakini kuna wakati darasa hilohilo lilikuwa kimya, kimya cha kupigiwa mfano, hata wageni wakaja kutoka wilayani kuutazama ukimya wangu. Nilivyoamini, waliojua kwa nini niliuacha tulikuwa wawili tu: mimi na mtoto mmoja wa kike ambaye siku ya barua alikuwa upande wa pili wa ukuta ule, darasa la pili. Mama yake hakujua. Hivyo ndivyo nilivyojiambia kwa miaka miwili.

Barua ilinipa wiki tatu. Ndani ya wiki hizo ningekwenda nyumbani kwa mama yule nikamwambie nilichofanya, au ningepanda boti ya Nyamisati niende zangu kwetu, na hakuna mtu ambaye angeniuliza lolote mpaka nakufa. Mimi ni mwoga. Naliandika hili mapema ili lisije likaonekana nimelificha. Wiki mbili za kwanza nilizitumia kufunga mizigo.

Kwetu ni milimani, bara kabisa, mahali ambapo maji ni kitu kinachoteremka na kwenda zake. Maji yanayokwenda na kurudi yalinichosha tangu siku ya kwanza. Nilikaa kisiwani miaka mitano na sikuwahi kujifunza majira ya kupwa na kujaa. Nilijua tu kwamba kuna siku nusu ya watoto hawaji shuleni, na nilizoea kuandika utoro kwenye daftari kwa kalamu nyekundu na hasira.

Katika mwaka wangu wa tatu pale tuliitwa semina Kilindoni, walimu wa awali. Mwezeshaji alikuwa kijana kutoka Dar, amevaa viatu vyeupe, akatuambia watoto wa siku hizi hawana umakini. Nilikubali kabla hajafika mwisho wa sentensi. Nilikuwa na watoto themanini na wawili katika chumba cha watoto arobaini, wamekaa chini, kwenye mikeka iliyotolewa na wazazi, na hapakuwa na siku niliyofika nyumbani kichwa hakinigongi. Akatufundisha zoezi la utulivu. Kaa kitako, kunja miguu, weka mikono juu ya magoti, viganja vitazame juu. Fumba macho. Sikiliza pumzi inavyoingia na inavyotoka. Ukisikia sauti nyingine yoyote, usiifuate, iache ipite. Tukafumba macho pale ukumbini, watu wazima na mikoba yetu, na nakumbuka nilivyojisikia: kwa mara ya kwanza tangu nifike Mafia hakuna aliyekuwa akiniita. Mwenzangu wa kulia alikoroma. Baadaye tukanywa chai na chapati tukarudi vituoni.

Kwenye ripoti niliandika kwamba nimelianzisha zoezi kwa manufaa ya watoto. Uongo. Nililianzisha kwa manufaa ya kichwa changu.

Wiki ya kwanza ilikuwa vichekesho vitupu. Huyu anafumba jicho moja, yule anachungulia kati ya vidole, mwingine anajamba na darasa zima linaangua kicheko mpaka la jirani linadakia. Wiki ya pili nilishika fimbo, sikupiga mtu, niliishika tu. Wiki ya tatu wakatulia. Watoto themanini na wawili, miguu imekunjwa, viganja juu, na mimi mbele yao nimeketi kwenye kiti changu nikisikiliza makuti ya paa yakichezewa na upepo. Niliwapa dakika tano. Kisha kumi. Kuna siku, Mungu anisamehe, niliwaacha hivyo mpaka kengele ya uji.

Wazazi walikuja. Walikuja kwa adabu, na adabu ya watu wa pwani ina makali yake. Ustadh wa chuo cha Kurani cha jirani, ndiye waliyemtanguliza, akanisalimia kwa kirefu, akaulizia hali yangu, ya wazazi wangu na ya huko kwetu kwenye baridi, ndipo akasema:

"Mwalimu, sisi tunakushukuru kwa hawa watoto. Ila tunauliza tu. Hiki kikao cha kufumba macho ni dua ya wapi?"

"Si dua, ustadh. Wanasikiliza pumzi tu."

"Pumzi ni ya Mwenyezi Mungu."

"Ndiyo, na wao wanaisikiliza tu. Hakuna jina linalotajwa."

Akatafakari, akacheka, akasema kama hakuna jina linalotajwa basi hakuna neno. Baada ya mwezi alinisimamisha njiani kunieleza kwamba hata chuoni siku hizi wanakaa vizuri. Nikavimba kichwa.

Leo nikikumbuka naona aibu, kwa sababu watoto wale hawakupungukiwa umakini hata kidogo. Walijua pikipiki ya nani inapita kwa mlio wake kabla haijatokea. Palikuwa na mmoja aliyeweza kumtazama siafu akiburuta punje ya wali kutoka mlangoni hadi kona ya ubao bila kupepesa, na nilimpiga kofi la mgongoni kwa hilo. Umakini walikuwa nao wa kutosha na wa kuniazima. Kosa lao lilikuwa kwamba hawakuuelekeza kwangu.

Yule mtoto wa kike alikuwa na miaka sita wakati huo. Mdogo wa mwili, sare yake imekunjwa kiunoni na kushonwa kwa mkono, nyuzi nyeusi kwenye kitambaa cha buluu. Alikaa karibu na mlango kila siku, na ukimwondoa pale, kesho yake unamkuta amerudi palepale. Wenzake wote walipofumba macho yeye hakufumba. Hakuwa anachezacheza, maana ningelielewa hilo. Alikaa sawasawa na wote, miguu amekunja, mikono kwenye magoti, macho wazi yametulia mahali pamoja nje ya mlango, kwenye shina la mkorosho. Nilimsogelea.

"Fumba macho."

"Naangalia, mwalimu."

"Unaangalia nini?"

"Naangalia tu."

Nilidhani ni kiburi. Siku nyingine nilimfunika macho kwa kiganja changu, nikasikia kope zake zinahangaika ndani ya mkono wangu kama mdudu aliyefungiwa kwenye kopo, na mabega yake yakaanza kutetemeka. Nikamwachia, nikamwambia ni mtoto mjinga.

Ningeweza kumuuliza mama yake. Alikuwa anapita mbele ya shule siku za maji makubwa akienda pwani, kamba begani, mwanaye wa kiume wa miaka miwili amemfunga mgongoni kwa kanga, na kila mara alisimama kunisalimia. Ukutani mwa darasa langu nimeandika kwa herufi kubwa kwamba kuuliza si ujinga. Sikumuuliza.

Kisha tukaambiwa wageni wanakuja Alhamisi kuona darasa la mfano. Mwalimu mkuu akapaka chokaa mawe ya njia ya kuingilia shuleni. Mimi nilikuwa na tatizo moja tu, nalo lilikuwa limekaa karibu na mlango limekodoa macho. Siku ya Jumatano, wenzake walipokuwa nje wanakunywa uji, nilichuchumaa mbele yake. Nilikuwa nimechoka kukaripia, nikasema kwa upole, na upole ule ndio unaoniuma kuliko kofi lolote nililowahi kumpiga mtoto.

"Unaogopa nini? Wewe fumba. Mimi nitaangalia."

Akanitazama sana.

"Utaangalia wewe?"

"Nitaangalia mimi."

"Mpaka nifumbue?"

"Mpaka ufumbue."

Akashusha pumzi kama mtu mzima anayekabidhi zamu kwa mwenzake, akafumba. Nilimchorea nyota nyekundu kwenye kiganja. Kesho yake wageni walikuja, wakasimama mlangoni kwa vidole vya miguu, wakapiga picha, na yeye alikuwa wa kwanza kufumba na wa mwisho kufumbua. Tangu siku hiyo alikuwa hodari kuliko wote. Alikaa mpaka nzi akamtembea mdomoni. Na mimi niliyemwahidi kuangalia, kila wakifumba nilitoa simu yangu nikaangalia simu.

Sasa nieleze kitu ambacho mimi nilikuja kuelezwa nikiwa nimeshachelewa. Wanawake wa kijiji kile wanalima mwani. Mashamba yao yako ndani sana, na hufikika vizuri siku za bamvua tu, bahari inapokupwa mpaka ikabaki mchanga na vidimbwi. Kabla ya kufika mashambani kuna fungu la mchanga, na kati ya fungu na ufuko kuna mkondo. Maji yakianza kurudi huanza kuingia kwenye mkondo ule, polepole, bila sauti, nyuma ya mgongo wa mwanamke aliyeinama shambani anafunga mbegu. Kwa hiyo huchomekwa kijiti katika mkondo, kimefungwa kitambaa chekundu, na mtoto mmoja hukaa juu ya fungu pamoja na wadogo wasioweza kuachwa nyumbani. Kazi yake ni kukiangalia kijiti. Maji yakigusa kitambaa, apige yowe, wanawake waache kila kitu warudi. Wanaita kukalia kijiti. Hapewi mtoto yeyote tu. Hupewa yule ambaye macho yake hayachoki, na upande ule wa kijiji alikuwa amepewa yeye tangu ana miaka mitano. Mtoto mwenye macho ya kutegemewa kuliko wote kijijini, nami nilimwita mjinga.

Ilikuwa Jumamosi ya bamvua. Nilikuwa nafua nyuma ya nyumba ya walimu niliposikia yowe kutoka pwani, kisha lingine, kisha mengi kwa pamoja. Nilidhani ni harusi. Nikaendelea kusuuza. Baada ya muda akapita mke wa jirani anakimbia bila mtandio, na hapo nikajua si harusi.

Aliyezama alikuwa yule mdogo wa kiume wa mtoto wangu wa mlangoni. Walimtoa mkondoni, wakambeba mpaka zahanati, wakarudi naye amefunikwa. Alizikwa kabla ya magharibi.

Nilikwenda msibani na walimu wenzangu. Niliazima kanga ya kujitanda, nikaketi kwenye mkeka na wanawake, magoti yananiuma, sijui pa kuweka macho. Mama mtu alikuwa ndani. Mtoto wa kike sikumwona. Wanawake walizungumza kwa sauti ya chini, na mmoja, aliyekuwa na shamba jirani na la mfiwa, ndiye aliyenieleza, kwa vile alinihurumia mgeni nisiyejua mambo. Alinieleza habari ya fungu, mkondo, kijiti na kitambaa. Kisha akasema:

"Kasinzia mtoto. Jua lilikuwa kali. Tumemkuta kakaa kitako, miguu kaikunja hivi, mikono kaiweka magotini, viganja juu, macho kafumba. Utasema mtu anaswali, ila kibla hakuelekea. Maji yanamlamba miguu na hana habari. Sijapata kuona usingizi wa namna ile."

Akanionyesha kwa mwili wake jinsi alivyokuwa amekaa. Alikaa vizuri kabisa, mgongo wima. Katika wanawake wote pale ni mimi peke yangu niliyejua kwamba ule haukuwa usingizi.

Bibi mmoja pembeni akasema bahari iliuchukua mji mzima wa Kisimani na misikiti yake, itashindwa na mtoto? Wengine wakaitikia kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Mimi nami nikaitikia. Nilifungua kinywa changu, mbele ya mlango wa chumba alimokuwa mama yule, nikasema ndiyo, kazi ya Mungu haina makosa, na nilijua vizuri sana ni sehemu ipi ya kazi ile ilikuwa ya Mungu na ipi ilikuwa yangu. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu hakungoja, alizaliwa pale pale mkekani.

Yule mtoto wa kike alirudi shuleni baada ya siku chache. Nilikuwa sijajua nitafanya nini. Niliingia darasani, na kabla sijasema lolote, kwa mazoea tu, watoto wote wakakunja miguu, wakaweka mikono, wakafumba. Yeye alikuwa kwenye nafasi yake ya mlangoni. Akafumba pamoja nao. Niliona kifua chake kinavyopanda na kushuka taratibu, kama nilivyomfundisha, na nikapiga ukelele.

"Fumbueni! Fumbueni macho, nyote!"

Waliruka. Wadogo wakaanza kulia, mmoja akajikojolea. Yeye alifumbua na kunitazama, tena hakuwa na hofu, alikuwa anangoja tu nimwambie la kufanya. Nikasema tuimbe. Tumeimba tangu siku hiyo, tumepiga makofi, tumepiga mabati ya madirisha, na kila aliponiuliza mwalimu mkuu kuhusu zoezi nilimwambia watoto wana mafua. Wageni walipotaka kurudi nikasema mafua hayajaisha. Mafua ya miaka miwili.

Kijijini walisema kasinzia, na neno hilo likamganda. Hakuna aliyemtukana, hawakuwa watu wa kumtukana mtoto. Ila hakukalia tena kijiti. Kazi hiyo akapewa binti wa nyumba nyingine. Siku za bamvua nilianza kumwona shuleni, yeye ambaye daftari langu lilikuwa limejaa utoro wake, amekaa karibu na mlango wakati wenzake wote wako pwani. Wenzake wakicheza mchezo wa kujificha, hawakumpa zamu ya kuhesabu. Na kila siku mama yake alimleta na sare imefuliwa, akanisalimia, akaulizia afya yangu. Mimi nilichukua salamu zile kama msamaha. Nilijiambia kwamba asichokijua hakimuumizi, nikamaliza mwaka, mtoto akapanda darasa la kwanza, nikashukuru kwamba sasa anakaa mbali na macho yangu, kisha darasa la pili akaletwa nyuma ya ukuta wangu.

Nilikwenda kwa mama yule siku nne kabla ya boti, baada ya sala ya alasiri. Nilipita mbele ya nyumba ile mara mbili kwanza, mara ya pili mbwa wa njiani akanifuata, nikaona hata mbwa ameshajua. Nikapiga hodi.

Mama alikuwa uani, kwenye mkeka, ananing'iniza mbegu za mwani kwenye kamba kwa ajili ya bamvua linalokuja. Anachukua kitawi, anakifunga kwa kikamba chembamba, anavuta fundo kwa meno, anasogea shibiri moja, anafunga kingine. Mtoto wake alikuwa upande wa pili wa ua anachambua mbegu kwenye beseni. Akanipigia shikamoo kwa mbali, nikaitikia marahaba.

"Karibu, mwalimu. Nasikia unatuacha."

"Nimepata uhamisho."

"Heri. Huko kwenu baridi, koo litapona."

Nikacheka kidogo. Nikasema mwani wa mwaka huu naona umestawi. Akasema wastani. Nikasema jua la siku hizi kali. Akasema ndiyo, kali. Akafunga vitawi vitatu, na mimi nikavihesabu.

"Mama, nina neno," nikasema. "Nilitakiwa niliseme siku nyingi. Siku ile ya marehemu..."

"Neno lenyewe nalijua."

Hakuinua kichwa.

"Nalijua tangu siku ile ile. Kaniambia kabla hatujakwenda kuzika. Kasema hakusinzia. Kasema nduguye alikuwa analia, akamkalisha kama mnavyokaa shuleni, akamwambia tufumbe macho, mwalimu ataangalia. Nikamwambia mwalimu yuko kwake huko juu, ataonaje pwani? Kasema wewe mwenyewe ulisema utaangalia mpaka afumbue."

Nikasema, "Na miaka yote hii hukuniambia."

"Nikwambie nini? Neno lilikuwa lako. Nilikuwa nakungoja. Kila nikikusalimia nakungoja."

Akavuta fundo kwa meno. Kisha akasema jambo ambalo nilikuwa silijui, kwa sauti ile ile ya kuzungumzia hali ya mwani.

"Na alimsikia, mwalimu. Mdogo wake aliondoka pale alipokalishwa, akaingia mkondoni, akaita. Kamwita dada mara mbili. Kamsikia vizuri. Ila mwalimu kasema ukisikia sauti usiifuate, iache ipite."

Miaka miwili nilikuwa nimebeba macho yale yaliyofumbwa, nikidhani ndiyo mzigo wote. Masikio sikuwa nimeyafikiria kabisa. Nilitaka kulia nikajizuia, maana kulia pale kungekuwa kumwomba yeye anibembeleze. Nilisema ninaomba radhi. Nilisema mara nyingi, nikasikia sauti yangu mbovu inakwaruza maneno yale yale, mpaka akaniinulia mkono ninyamaze.

"Radhi tutaombana mbele ya Mungu. Huyu ana swali lake. Kaniuliza mimi, sikuwa na jibu. Siwezi kukujibia wewe."

Akamwita. Mtoto akaacha beseni, akafuta mikono kwenye gauni, akaja akakaa kitako mbele yangu kwenye mkeka. Alikuwa amerefuka. Hakukunja miguu, aliinyoosha.

"Muulize mwalimu," mama yake akasema.

Akanitazama usoni.

"Kwa nini ulisema utaangalia, na hukuwako?"

Nilikuwa nimeandaa majibu mengi katika miaka miwili, yote ya mtu mzima, yana semina ndani yake na kuchoka na idadi ya watoto. Hakuna hata moja lililofaa.

"Nilisema ili ufumbe macho," nikamwambia. "Wageni walikuwa wanakuja. Nilitaka wote mfumbe. Sikuwa naangalia hata palepale darasani. Nilikudanganya."

Alifikiri. Alikuwa na namna ya kufikiri bila kuondoa macho kwa mtu.

"Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe. Ni mimi. Wewe ulifanya nilivyokufundisha."

Nilidhani atalia, au atacheka, au atakimbilia ndani. Hakufanya lolote kati ya hayo. Jibu langu alilipokea kama mtu anayepokea nusu ya kitu, kisha akageuza uso taratibu kwa mama yake, akangoja nusu nyingine.

Mama yake alichukua kitawi akakifunga. Akasogea shibiri. Akachukua kingine, kikamponyoka, akakiokota. Niliona midomo yake inafunguka. Nilijua anataka kulisema. Maneno ni mawili tu, na alikuwa na miaka miwili ya kuyatafuta. Akaiweka kamba mdomoni akavuta fundo, na fundo lilikuwa limeshakaza.

Nilikaa mpaka nikaona kukaa kwangu kunamzuia. Nikaaga. Mama akasema safari njema, kwa kamba katikati ya meno. Mtoto hakuniitikia, wala sikuwa na haki ya kudai. Nilipofika kwenye uwazi wa ua niligeuka. Mama alikuwa ameinamia mwani wake, na binti yake amekaa palepale, mgongo wima, anamwangalia mdomo bila kupepesa.